Jivu la Kusugulia Sufuria

Kakule, kesho napanda boti ya Bukavu.
Mbambu kajifungua mapacha, hana wa kumkanda.
Nakuachia funguo, daftari la madeni,
simu kumi na tisa za watu kwenye ubao,
na ile paneli juu ya bati.
Kaa chini. Weka hiyo simu yako. Nisikilize.

Paneli ya kwanza niliiua mwenyewe.
Usiku mlima ulikohoa,
asubuhi Ndosho nzima imevaa kijivu:
mabati, majani ya mihogo, kope za mbuzi.
Nikapanda juu na kitambaa kikavu
nikasugua, nikasugua,
jinsi mama alivyotufundisha sufuria,
jivu kidogo, mkono wa nguvu,
mpaka uone meno yako ndani yake.
Sikuona meno.
Kioo kilishika ukungu, kama mzee mwenye mtoto wa jicho,
na tangu siku hiyo kililiona jua nusunusu.

Jivu la jikoni ni kuni iliyokufa.
La mlima ni jiwe lililosagwa, na halijafa.
Likianguka, usilifute.
Limwagie maji, mengi, polepole, literemke lenyewe,
ndipo utie sifongo, kama unamwosha kichanga uso.
Na si saa sita!
Saa sita Bauma kinyozi alikimwagia kioo chake
ndoo ya maji ya baridi.
Kikalia ta!
na ufa ukatembea kona hadi kona,
huku chini mteja amekaa
na nusu ya kichwa haijanyolewa.
Panda alfajiri, bati likiwa bado na umande.

Batri nayo ina kiu, sikatai.
Lakini si kiu ya maji ya robine,
wala ya ziwa, wala ya mvua hii yetu
inayopita kwenye moshi wa mlima kabla ya kutufikia.
Kidumu chake kiko chini ya kitanda.
Nimekiandika BATRI kwa herufi kubwa
kwa sababu mwaka jana ulikinywa.
Jaza hadi mstarini, usipitishe,
na usiwashe kiberiti ili uchungulie ndani.

Mparachichi wa Mama Nzigire unakuja tena upande wetu.
Tawi moja, kivuli cha kiganja tu,
nami nikamtukana fundi mwezi mzima.
Mpelekee mche wa sabuni, uombe.
Usilikate usiku.

Najua utaogopa wezi.
Utataka kuishusha kila jioni
ukiivuta kwa waya, kama mbuzi kwa sikio.
Waya una shingo, Kakule.
Nati ni nne, zimekazwa. Iache ilale huko.

Na kile kisanduku chenye taa ya kijani:
kikiwa chekundu, kimesema basi.
Hapo ndipo utakapojaribiwa.
Watakuja vijana wa kona na televisheni juu ya chukudu,
mechi inaanza, watakuita kaka, watakuita bosi:
ruka kisanduku, unganisha moja kwa moja,
dakika tisini tu.
Batri ya pili ilikufa kwa dakika tisini.
Hata sikumbuki nani alishinda.

Jambo la mwisho, halafu ulale.
Simu nambari kumi na moja, ile ya vibonyezo, iliyofungwa mpira:
mwenyewe alisema atapita jioni.
Ni miezi minne.
Usimwandikie deni. Usiizime.
Ichaji kila Jumapili, mawingu yawepo yasiwepo,
hata kama itabidi ampuli yetu ilale mapema
na wewe ule gizani.
Siku mtu wake akiipiga
nataka ilie.

Sifongo imo kwenye ndoo ya buluu.